Salamu Kutoka Bukavu

Redio ilikuwa imeonya kwamba asiye na jambo la lazima asivuke kwenda Kongo, na sisi Kagongwa tunafunga mizigo! Dada yangu aliolewa Bukavu na mnunuzi wa dhahabu aliyekutana naye kwenye machimbo ya Segese, na sasa alikuwa amejifungua. Mama alitaka kumwona mjukuu. Nilifoka: mpaka ukifungwa tukiwa kulekule, nani atatutoa? Mama akaendelea kushona mdomo wa kiroba cha mchele wa mzazi.

Dada alikuwa ameacha kupokea simu. Ila ujumbe wake kwa mama uliingia kwenye simu yangu kila siku: njooni, leteni na watoto, kuna mtu atawapokea mpakani. Jioni hiyo nilimsomea mama ule mpya. Akaniuliza, "Mbona hajaniamkia?"

Nikarudi nyuma, nikazisoma jumbe zote tangu alipoacha kupokea simu. Dada yangu, ambaye hata akiwa amenuna humwanzia mama kwa shikamoo, hakuiandika popote.

Mama akaweka sindano chini. Simu ikalia mkononi mwangu, ujumbe mwingine: "Mnakuja wangapi?"