Kofia ya Kukata Mstari

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa sikupewa kamera. Mkuu wa Kituo alinipa kofia nyeusi ya sufu, nami nikacheka moyoni, maana Garissa na baridi wapi na wapi.

"Si ya kichwa chako," akasema. "Ni ya lenzi."

Ninyi vijana mnaopiga picha kwa simu mtanivumilia nieleze. Setilaiti hupigwa picha giza linapoanza kushika, kwa sababu huku chini jua limeshazama lakini huko juu bado linaimulika. Kamera huwekwa juu ya miguu mitatu, lenzi ikaachwa wazi kwa muda, na kila chenye mwanga kinachotembea huacha mstari. Ila mstari haukwambii kilitoka upande gani. Hapo ndipo kofia inapoingia: ukishafungua lenzi, unaifunika upesi mara moja, kisha unaifunua. Mstari unakatika, na ncha iliyo karibu na pengo ndiyo mwanzo wa safari. Kazi hiyo tuliiita kukata mstari.

Nilikata mistari Garissa, kisha Bura, kisha Hulugho, chini ya wakuu wa kila tabia. Baadaye kompyuta zikaja kutuambia njia ya kila chombo kabla hakijapita, na kofia ikakaa mkobani. Kituo changu cha mwisho kilikuwa Sangailu, na hapo ndipo nilipoiogopa kazi yangu.

Niliweka kamera nje kidogo ya kijiji, ikitazama uwanda ulio kati ya silanga, yaani bwawa la maji, lililokauka na boma la mama mmoja aitwaye Halima. Jioni ya kwanza nilipata setilaiti safi kabisa, mstari mwembamba juu ya picha. Chini, karibu na ardhi, palikuwa na mstari wa pili. Ulilala kati ya silanga na lango la boma, ukipanda na kushuka kidogo, kama mtu anayetembea na tochi. Nami nilikuwa nimesimama pale macho wazi, sikuona mtu wala mwanga. Nikapangusa lenzi. Jioni iliyofuata nikabadilisha kamera, na mstari ukawa pale pale. Nywele zilinisimama, sioni haya kusema.

Nilimpigia simu Msimamizi wa Kanda, mtu wa maneno machache.

"Ofisi inataka ya juu," akasema. "Ya chini ikate."

Ningeikata, lakini Halima alikuwa akiniletea maziwa ya ngamia kila jioni akishafunga boma. Lango la huko ni tawi kubwa la miiba, na magharibi ikiingia mwenye boma hulivuta akaziba, fisi wasipite. Siku hiyo alichungulia kioo cha kamera kabla sijakizima. Akakaa chini mchangani.

"Hii tochi ya Abdi," akasema.

Abdi alikuwa mumewe. Alitoka na tochi yake kutafuta ngamia aliyepotea, wakati wa kiangazi kimoja kikali, na hakurudi. Ndugu zake walisema amevuka mpaka akaoa huko, amemtupa. Kwa hiyo Halima hakuwa mke wala mjane. Hakukaa eda, hakuweza kuolewa, na maneno ya watu aliyasikia kila alipokwenda kuteka maji. Nilimhurumia sana.

"Adeer," akaniita, kama mtu anavyomwita baba yake mdogo, "hii bicha nasema yeye naenda ama nakuja?"

Nikamwambia picha haisemi. Kisha nikakumbuka kofia.

Kesho yake jioni niliitoa kofia mkobani. Nilifungua lenzi, nikaifunika mara moja, nikaifunua, nikangoja. Halima alisimama nyuma yangu akisoma dua kwa sauti ya chini. Mbele yetu hapakuwa na kitu ila vichaka na giza. Nilipoitazama picha, pengo lilikuwa upande wa silanga.

"Anakuja nyumbani, mama," nikamwambia. "Anafika mpaka langoni."

Aligeuka akalitazama lango la miiba.

"Na mimi nafunga," akasema. "Kila magharibi mimi nafunga."

Siku iliyofuata aliwapeleka mbuzi wake kwa jirani. Jua lilipozama akavuta tawi la miiba kando, akaketi ndani ya boma peke yake, lango wazi. Nilimsihi asifanye hivyo kwa sababu ya fisi.

"Wacha tu, adeer," akasema. "Yeye nachoka kusimama nje."

Nilipiga picha yangu kama kawaida, kofia mkononi. Setilaiti ilipita juu. Chini, mstari ulitoka silangani, ukafika langoni, na safari hii ukaingia.

Sikuthubutu kumuuliza alichokiona. Asubuhi nilimkuta amevaa nguo nyeupe za eda, uso umetulia. Ndugu za Abdi walizitazama picha zile, kisha wakamwomba radhi, na wazee wakasoma Kurani bila maiti. Mstari wa chini haukutokea tena.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Kitui. Kamera niliirudisha ofisini, kofia nikabaki nayo. Vijana huniuliza habari za angani, nami huwaambia setilaiti zimekuwa nyingi mno siku hizi, nazo zinapita tu. Jioni mke wangu hunituma nikafunge lango. Naenda, nalishika komeo, lakini nasimama kwanza nikitazama njiani mpaka aniite.