Dominiko Alivyomchagua Nahashon

Dominiko alikuwa mlinzi wa jengo moja refu kule West Bay, huku Uarabuni tulikokuja kutafuta kazi, tangu mwaka 2004, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kukubali kwamba amekosea. Ukimwonyesha kosa lake, atakuonyesha lako, tena na tarehe. Mimi Peninah nafua nguo za hoteli, na kila Ijumaa nilikaa mezani kando ya uwanja nikiandika pointi za timu yake ya kikapu. Niliombwa siku moja tu, wakanisahau hapo.

Timu iliitwa Doria, ya walinzi na madereva. Kufikia Novemba 2013 mdogo wao alikuwa na miaka thelathini na sita, na walipanda uwanja taratibu kiasi cha mimi kumaliza kikombe cha chai kabla hawajafika kapuni. Walikuwa wameshika mkia misimu miwili. Sheria ya ligi yetu ilikuwa kwamba ukishika mkia mara tatu mfululizo timu inavunjwa, wachezaji wanagawanywa. Februari mkataba wa Dominiko ungeisha, arudi Bungoma moja kwa moja.

"Niliianza na watu sita na mpira mmoja wenye kiraka," aliniambia. "Siwezi kwenda nyumbani nimeizika."

Faraja ilikuwa moja: wa mwisho huchagua wa kwanza. Kila Novemba vijana waliofika karibuni kutoka nyumbani hucheza nusu saa kwenye uwanja wa Al Thumama, kisha manahodha wanachagua kwa zamu. Dominiko alienda na daftari la maswali, kwa sababu mwaka uliotangulia alichagua Mganda mwenye kasi ya ajabu, kumbe kazi yake Lusail haikuwa na mapumziko ya Ijumaa. Tulimwona mara moja, tena alikuja kuaga.

Safari hii macho ya wote yalikuwa kwa Nahashon, Mkisii wa miaka ishirini na miwili, ambaye mikono yake ilifika kapuni kabla hujaona ameruka.

"Ijumaa uko off?" Dominiko akamuuliza.

"Niko off, kocha. Jumamosi pia niliomba, wakanipa."

"Goti?"

"Liko fiti."

Akamchagua. Nilimpa kijana chai ya pongezi, akaomba maji ya moto matupu. Nikadhani ana vidonda vya tumbo, nikamhurumia. Mkisii, jina Nahashon, ameomba Jumamosi, chai hanywi, na sisi Wakenya wazima tumesimama pale hatujang'amua kitu!

Tuling'amua kwenye mechi ya kwanza. Tulikuwa mbele kwa pointi kumi na nne, robo ya nne ndiyo imeanza, Nahashon akatazama jua, akaomba kutoka, akavaa suruali yake juu ya kaptura na kubeba mkoba.

"Unaenda wapi?" Dominiko akapiga kelele.

"Sabato inaingia, kocha. Pole, nilidhani mnajua."

Akaondoka. Tukafungwa kwa tatu.

"Banange!" Tom, dereva wa basi kutoka Kampala, alirusha taulo chini. "Umetuletea mchezaji wa robo tatu! Mrudishe!"

Iliruhusiwa kumrudisha mchezaji kabla ya mechi ya pili. Wakubwa wa ligi tuliwaomba saa ya mapema, wakakataa. Mimi nilikuwa nimekasirika kuliko Tom, nikamwambia Dominiko amrudishe kesho yake. Akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Kosa ni langu. Sikuuliza." Akafunga daftari. "Lakini mtu anayeacha mechi anayoshinda kwa sababu ameahidi, huyo ndiye nitamwachia timu. Robo ya nne tutacheza sisi."

"Sisi nani?" Tom akacheka.

Sisi wazee. Kuanzia hapo Dominiko, Tom na wenzao walikaa benchi robo tatu, wakafanya mazoezi ya dakika kumi za mwisho tu: kushika mpira, kuutembeza, kupasiana pembeni. Uwanja wetu haukuwa na saa ya kuharakisha shambulizi, na kuchelewesha mambo walikuwa wanakuweza tangu zamani. Tulishinda baadhi, tukafungwa baadhi. Mechi ya mwisho, katikati ya Januari, atakayefungwa ndiye mkia.

Nahashon alibeba mkoba wake tukiwa mbele kwa kumi na moja. Dominiko akaingia, goti limefungwa bandeji. Kumi na moja zikawa saba, zikawa nne, ikawa moja. Sekunde za mwisho mpira ulikuwa kwa Dominiko kwenye kona, vijana wawili wamemvamia, naye ameukumbatia kama mama aliyeshikilia mtoto wake sokoni. Filimbi ikalia. Nililia hadi wino ukasambaa kwenye karatasi, na sioni aibu kusema.

Dominiko alitoa simu ampigie Nahashon, kisha akairudisha mfukoni. Akatuonya wote: "Hakuna kumwambia mpaka Sabato iishe. Nitamwambia mimi."

Jumamosi ile alisumbuka sana. Saa kumi na moja jioni tulikuwa kwenye geti la bweni la kijana, Dominiko akilitazama jua kuliko Msabato yeyote. Lilipozama, Nahashon akatoka na Biblia mkononi.

"Kocha. Ilikuwaje?"

Maneno aliyoyapanga siku nzima yalimpotea. Akainua kidole kimoja.

"Tumefungwa kwa moja?"

"Tumeshinda kwa moja."

Nahashon aliegemea geti, akafunika uso kwa mkono, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Nimesoma zaburi moja tangu asubuhi, kocha," akasema. "Mpaka sasa sijui inasema nini."