Nilimpa Mdogo Wangu Kadi za Kale, Nikabaki na Chai

Bei ni kiasi ambacho mnunuzi mmoja, aliye hai na mwenye fedha, yuko tayari kutoa leo. Alichotoa jana hakihusiki, wala anachokiamini muuzaji moyoni. Nimefundisha maana hiyo darasani kwa miaka kumi na minane, na siku ninayotaka kuisimulia niliielewa vizuri kuliko kila mtu aliyeketi nasi.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa sekondari, mwenye mke na watoto watatu. Naishi upande wa Sotik, si mbali na Chepilat. Msimamizi wa ukurasa, tafadhali lifiche jina langu.

Mama yetu alikuwa mpishi wa familia ya wamisionari Wamarekani kwa miaka mingi. Walipofunga nyumba kurudi kwao, walimwachia sufuria, mablanketi, na mkebe wa biskuti uliojaa kadi za zamani sana, kila moja ikiwa na picha ya mchezaji wa besiboli. Mama aliusukuma mkebe chini ya kitanda akausahau. Kisha korona ikaja. Watu wa ng'ambo, wakiwa wamefungiwa majumbani, walianza kununua kadi kama hizo kwa pupa. Nilizipiga picha nikaziweka mtandaoni, na mnunuzi mmoja akataja bei ambayo ingenunua ekari moja na nusu ya chai. Chai yetu ni ekari moja na nusu.

Kwetu Wakipsigis, wana hugawana shamba, lakini nyumba ya mama na vilivyomo ndani ni vya kitinda mimba. Kitinda mimba wetu ni mdogo wangu, nitakayemwita Kiprono. Mama alipoamua kugawa mali akiwa hai, niliwaeleza wazee kwamba mkebe umo ndani ya nyumba, kwa hiyo kwa desturi ni wa Kiprono. Kwamba thamani yake inalingana na chai yote. Na kwamba kwa sababu hiyo haki ni mimi nichukue chai. Hakuna aliyeona kasoro. Ndugu ya marehemu baba alicheka hadi akapaliwa. "Huyu mwalimu amejimaliza! Anang'ang'ania majani na mwenzake anabeba dola!" Kiprono alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Bro, hata sikutarajia. Asante." Tukanywa mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kibuyu kimoja, wazee wakatubariki.

Siku nne kabla ya kikao hicho nilikuwa nimesoma kwamba kadi za aina ile zimeuzwa kwenye mnada kwa nusu ya bei ya awali. Yule mnunuzi wetu naye alikuwa ameacha kujibu ujumbe wangu. Niliisoma habari ile mara mbili, nikaifunga simu. Haikuwa siri. Kiprono ana simu, na anajua kusoma.

Bei iliendelea kuanguka. Kiprono alisubiri, akinituliza mimi badala ya mimi kumtuliza yeye: "Itarudi tu. Si ni kama bonasi ya chai? Mwaka moja mbaya, mwaka ingine unashukuru Mungu." Haikurudi. Ofa bora aliyopata mwaka huu haitoshi kununua mbuzi wawili. Wazazi wa mchumba wake, walioipokea posa kwa furaha waliposikia habari za mkebe, wameikataa.

Sasa anachuma chai yangu, analipwa kwa kilo kama mchumaji mwingine yeyote, na sijawahi kumcheleweshea malipo. Asubuhi moja, kwenye kituo cha kupimia majani, karani alimwuliza mbele ya foleni nzima, "Kiprono, leo umeleta majani ama kadi?" Mama mmoja akadakia, "Wachana na yeye! Hizo anaziwekea mbolea kwanza, zimee!" Watu walicheka, naye akacheka nao, macho yakiwa kwenye kikapu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilihakikisha uzito umeandikwa sawasawa, nikaenda shuleni.

Mke wangu ana hoja moja tu: "Bei ingepanda mara mbili, angekupatia hata kadi moja?" Nimeichunguza hoja hiyo na sijaona kosa ndani yake. Mama hazungumzii chai. Kila nikifika kwake huniuliza swali lile lile: "Weri, mwanangu, mdogo wako amekula?"

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Kiprono alikuja kwangu akakataa kiti.

"Mwalimu, shamba sitaki. Mbele ya wazee nilikubali na mdomo yangu. Nataka kitu moja. Siku ile tulikunywa mursik, ulikuwa unajua hizo kadi zinaanguka?"

"Kwa nini unaniuliza leo?"

"Kwa sababu nimechoka kukutetea kwa watu. Ukisema hukujua, nitaamini, na tutazeeka pamoja. Ukisema ulijua, siku ya kuzika mama usisimame karibu na mimi."

Nilimwambia nitamjibu Jumapili hii. Alishangaa kwamba jibu la neno moja linahitaji wiki, akaondoka.

Sitawadanganya ninyi, msionijua: chai sitairudisha. Watoto wangu wanasoma kwa chai hiyo. Kwa hiyo nikisema ukweli, Kiprono atapoteza ndugu na hatapata hata jani moja. Nikisema uongo, atalala usingizi, nami sitagharamika chochote. Nimepima pande zote mbili kwa utulivu, na kila mara uongo unaonekana kuwa ndiyo zawadi pekee niliyo nayo kwa ajili yake. Hilo ndilo linalonitia shaka.

Ninyi mliowahi kudhulumiwa na ndugu zenu, niambieni kabla ya Jumapili: mtu ambaye hatarudishiwa kitu, ukweli unamfaa nini?