Stika Nyekundu kwenye Tangi la Baba

Miaka ile ya shida, rangi ya dukani tuliisikia tu. Baba yangu, bwana mifugo huku Butiama, alikuwa akizuia kutu kwenye pikipiki yake kwa mafuta ya sangara. Kila asubuhi kabla ya kwenda majoshoni alichovya kitambaa, akapaka tangi, akapaka na ringi. Mbwa walimpenda sana. Sisi watoto tulinuka samaki hadi kanisani, na nilichukia, nasema wazi.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka ya Musoma yakajaa bidhaa, na mwaka huohuo baba akapunguzwa kazini. Wakamwachia ile pikipiki ya kazi, chakavu kama yeye. Akakaa nyumbani akikaza nati zilizokwisha kukazwa, mpaka tuliposikia kwamba mradi mpya wa maziwa kule Bunda unatafuta mabwana mifugo wenye usafiri wao, usafiri mzuri. Umri wake ulikuwa umekwenda. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na sote nyumbani tulijua.

Tangi lilikuwa limebabuka. Fundi mmoja wa mtaa wa Mukendo, Musoma, Mwislamu mpole aliyekuwa akibandika maandishi kwenye mabasi, alilisugua kwa msasa, akaliosha kwa petroli, akalivika stika nyekundu, ile karatasi ya plastiki yenye gundi nyuma. Aliipasha moto na kuinyoosha kwa kitambaa hadi ikashika kila kona.

"Usilipakage kitu, mzee," alisema. "Maji tu yanatosha."

Baba alicheka, mara ya kwanza tangu apunguzwe. Kwa macho, pikipiki ilikuwa mpya kabisa.

Asubuhi ya safari nilimkuta uani na kitambaa chake. Mazoea yana tabu. Alikuwa ameshapaka tangi lote, pamoja na kingo za stika.

"Baba, fundi si alikataza?"

"Kitu kizuri kinalindwaga, mama. Panda twende."

Nilikuwa naenda kwa shangazi kule Nyasura, hapohapo Bunda, nikapanda nyuma. Jua likawaka, mafuta yakapenya chini ya stika. Mimi sikuona kitu, nilisikia harufu tu. Tulipofika Bunda, mbele ya vijana wawili wa mradi, stika ilikuwa imebanduka pande zote mbili, inaning'inia kwenye magoti ya baba, na kutu imeachwa wazi. Baba akairudisha kwa viganja. Ikashuka. Akairudisha tena. Kijana mmoja akaziba pua, na kumchukia sijaacha mpaka leo.

"Mzee, sisi tulitaka pikipiki nzima," alisema mwenzake kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Hawakumuuliza hata swali moja la ng'ombe.

Wiki iliyofuata jirani alikuja mbio, ng'ombe wake ameshindwa kuzaa. Alisimama mlangoni akiita, "Bwana Mifugo! Bwana Mifugo!" Baba alikuwa amekaa kitandani, amegeukia ukuta.

"Mwambie hayupo," aliniambia.

Nikatoka kumwambia. Sikuona kama nadanganya.