Kozi ya Sayansi Niliyomtafsiria Baba

Harufu ya mlangilangi unaochemshwa haielezeki kwa mtu ambaye hajaishi karibu na kiwanda chake. Wageni waliofika kisiwani kwetu Nosy Be, Madagaska, waliiita manukato. Sisi wa kijiji cha Ambanoro, tulioamka nayo, tukala nayo na kuanika nguo ndani yake, tuliiona kama jirani asiyejua kuaga. Baba yangu alikuwa mwangalizi wa tanuri la mvuke katika kiwanda kimoja cha maua hayo. Kutwa nzima alikaa mbele ya geji, akiongeza kuni, akipunguza kuni, akisubiri mshale usogee kidogo tu, na kazi ile ilimjengea tabia iliyotutesa wote nyumbani: hakufanya jambo lolote kwa haraka, na hakuridhika na jibu la kwanza. Mama akisema wali umeiva, Baba aliuliza umeiva vipi. Mgeni akisema kesho atakuja, Baba aliuliza kesho wakati gani, na akija kwa njia ipi. Nilipokuwa mdogo nilipenda kukaa naye kiwandani, akinifundisha kusoma geji na kuniuliza kwa nini mafuta yanaelea juu ya maji wala hayachanganyiki. Nilipofika umri wa miaka kumi na sita, maswali yake yalinifanya nitamani kupiga mayowe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera ilikuwa mpya, nyimbo zilikuwa mpya, lakini wakubwa wengi maofisini walikuwa wale wale wa jana. Nilikuwa nasoma sekondari mjini Hell-Ville, nikienda kwa miguu kila asubuhi. Nyumbani tulisema Kingazija cha bibi zetu, njiani Kimalagasi, darasani Kifaransa, na kila mlango niliovuka nilibadili ulimi. Siku moja mwalimu wetu wa hesabu, kijana Mmalagasi aliyetoka nyanda za juu, alituletea habari kwamba likizo ile ndefu kutakuwa na kozi ya sayansi mjini Mahajanga, ng'ambo ya bahari, wiki sita, ya wanafunzi waliofanya vizuri. Watafundishwa umeme, kemia na vipimo vya hali ya hewa, na atakayemaliza atapewa cheti kitakachomsaidia kuingia mkondo wa sayansi katika shule ya juu. Aliniita mbele, akanipa fomu. Nilirudi nyumbani nikikimbia, fomu nimeishika kifuani isikunjike.

Laiti ningejua kwamba kukimbia ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Nyumba yetu ikawa baraza. Mama alitaka kujua nitalala wapi na nitakula chakula cha nani. Majirani walisema sayansi itanikausha macho. Mwingine akasema afadhali, huenda nitakuwa daktari na kuwapima bure. Kila mtu alieleza kama kozi inanifaa au hainifai, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Baba alisikiliza siku nne. Siku ya tano alimwita mwalimu nyumbani, akamkaribisha chai, akamwuliza, "Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mwanangu atakuwa anafanya nini?" Mwalimu akasema atakuwa darasani. "Najua atakuwa darasani. Mikono yake itakuwa inafanya nini?" Mwalimu akakiri kwamba hajui, yeye ameletewa tangazo tu. "Basi," Baba akasema, "itabidi twende tukaulize." Mwalimu alinitazama kwa huruma. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa baada ya wiki moja.

Tulisafiri kwa meli ndogo ya mizigo, nikitapika njia nzima, na tulipofika tulikwenda kwa shangazi yangu mtaa wa Tanambao. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba na hakumwogopa. "Mdogo wangu," alisema kabla hatujavua viatu, "watoto wa wenzio wameshaandikishwa, wewe umevuka bahari kuuliza habari za saa nne!" Baba alimwambia chakula chake kinanukia vizuri.

Kesho yake tuliingia katika ofisi ya msimamizi wa kozi. Alikuwa Mfaransa mwenye kikohozi, aliyebaki baada ya uhuru, na Kimalagasi chake kiliishia kwenye salamu. Kifaransa cha Baba nacho kiliishia hapo hapo. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Baba aliketi, akaweka kofia yake magotini, akaniambia, "Mwulize, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi." Nilijisikia aibu mpaka masikioni, lakini niliuliza. Msimamizi hakushangaa. Alifungua daftari, akasoma kwa kidole, akaniambia kwamba Jumanne saa nne wavulana wana umeme, na wasichana wana maarifa ya nyumbani: usafi, upishi na kupiga pasi. Wasichana ni watatu tu pamoja nami, akasema, na wana chumba chao chenye jiko zuri jipya.

Baba alinigeukia. "Amesema nini?"

Namkumbuka vizuri alivyonitazama, kama alivyozoea kutazama geji, bila kupepesa. Nilijua kwamba nikimwambia kweli tutatoka ofisini humo na kurudi Ambanoro kwa meli ya kwanza, na nilidhani nikishaingia kwenye kozi nitapata njia ya kufika kwenye umeme. "Amesema umeme, Baba," nikajibu. "Jumanne saa nne ni umeme." Akaitikia kwa kichwa polepole, akaomba kalamu, akatia sahihi yake, herufi moja moja. Nilipaswa kufurahi.

Kozi ilipoanza nilipiga pasi. Nilipiga pasi mashuka, nikapiga pasi makoti meupe waliyovaa wavulana maabara, na upande wa pili wa ukuta niliwasikia wakibishana kuhusu betri, wakikosea, nami jibu ninalo mdomoni. Hasira ile ilinifanya niunguze makoti mawili, moja kwa bahati mbaya. Wiki ya pili wavulana walipangiwa kwenda Amborovy, kwenye uwanja wa ndege, kuona vyombo vya kupimia hali ya hewa. Sisi wasichana tukaambiwa tuoke keki ili wakirudi waikute. Hapo nikachoka. Nilivua aproni, nikapanda lori, nikakaa kati ya wavulana. Mwalimu wa zamu akaniambia nishuke. Sikushuka. Akarudia. Jua lilikuwa kali, wavulana walianza kulalamika kwamba wanaungua, dereva akapiga honi, na mwisho yule mwalimu akakata tamaa, akapanda mbele.

Huko Amborovy mpimaji wa hali ya hewa, mzee mpole, alitufungulia kibanda cha vyombo na kutaka kila mmoja asome kipimo cha mgandamizo wa hewa. Wavulana walisoma namba kubwa tu. Zamu yangu ilipofika nilisubiri, nikaweka jicho usawa wa mstari, nikasoma hadi vipande vidogo. "Nani amekufundisha?" akauliza. Nikasema baba yangu. "Ni mhandisi?" Nikasema anaangalia tanuri la maua. Hakucheka. Alimwambia mwalimu wetu kwa sauti ya kawaida kwamba msichana huyu asipoteze muda wake jikoni, na tangu siku ile niliketi darasa la umeme, nyuma kabisa, bila mtu kuniruhusu rasmi wala kunifukuza.

Nilirudi Ambanoro na cheti ndani ya bahasha iliyofungwa. Baba alimwita mwalimu wa hesabu aje kukisoma mbele ya familia. Mwalimu alikifungua, akasoma: nimehudhuria wiki sita za maarifa ya nyumbani, na nimefanya vizuri. Mama alisema Alhamdulillahi. Baba alisubiri mwalimu aondoke. "Siku ile ofisini," akaniuliza, "yule bwana alisema nini hasa?" Nikamweleza yote. Nilitegemea anigombeze, na ingekuwa nafuu. "Kumbe hukunitafsiria mimi," akasema. "Ulijitafsiria mwenyewe." Hakuniongelesha siku mbili. Ya tatu akaomba ruhusa kazini, akaniambia nifunge mzigo. Tunarudi Mahajanga, na safari hii niseme kila neno lilivyosemwa.

Msimamizi alituambia vyeti vimeshatolewa. Nikatafsiri. Baba akasema atasubiri, akaenda kuketi kwenye benchi la veranda. Siku ya kwanza tulikaa mpaka ofisi ikafungwa. Siku ya pili msimamizi alipita mara sita akijifanya hatuoni. Kila alipopita Baba alisimama, akasalimu kwa adabu, akauliza tena, nami nikatafsiri tena, nikitamani ardhi inimeze. Siku ya tatu, yule mwalimu wa zamu akaitwa, akakubali kwamba kweli nilikuwa darasani kwake na majaribio yote nimeyafanya. Karani akachapa cheti kipya. Nilikisoma. Umeme, kemia, hali ya hewa, vyote vilikuwepo. Lakini mahali pa jina langu, Mariama, karani alikuwa ameandika Marianne.

Meli yetu ilikuwa inaondoka mchana ule. "Kiko sawa?" Baba akaniuliza. Nilitamani kusema ndiyo kuliko nilivyowahi kutamani kusema neno lolote. "Hapana, Baba," nikasema, "jina si langu." Akavua kofia, akarudi kwenye benchi, akaketi. Meli iliondoka bila sisi. Cheti chenye jina langu nilikipata kesho yake, karibu na adhuhuri, na msimamizi mwenyewe akafunga mlango nyuma yetu.

Niliingia mkondo wa sayansi, nikafundisha fizikia miaka mingi, na maisha yakanileta Dar es Salaam, ambako sasa naitwa bibi. Mwezi uliopita binti yangu alinitumia video ya kozi ya likizo ya sayansi kwa ajili ya mjukuu wangu, Salma, aliye kidato cha tatu. Wasichana ndio waliokuwa mbele, wamevaa miwani ya maabara, wanaunganisha roboti. Ratiba imeandikwa saa kwa saa. Chakula kipo, usafiri upo. Binti yangu akamwuliza Salma, kabla ya kuniuliza mimi, kabla ya kumwuliza hata mume wake. Na Salma akasema hataki, anakwenda Moshi na timu yake ya mpira wa kikapu. Basi, yakaisha. Hakuna baraza, hakuna jirani, hakuna safari. Nilibishana naye kwa simu siku tatu. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Bibi, nimekuelewa, lakini sitaki," na sauti yake haikutetemeka. Mimi kwa umri wake sikuwahi kumwambia mtu mzima neno hilo bila moyo kunienda mbio.

Nilikasirika hadi chai ikapoa. Kisha nikampigia binti yangu, nikamwomba awaulize wenye kozi kama wanapokea watu wa umri wangu. Akacheka sana. Sikuwa natania.