Nusu ya Upinde wa Kanisa

Nichekeni tu, ndugu zangu. Mimi ni seremala hapa Mafinga, na moyo wangu uko kwa Tumaini, mwalimu wa hesabu. Kanisa letu lilitaka urembo wa mbao kwenye upinde wa mlango. Bosi akanipa kamba nipimie.

"Kamba ya nini, mzee? Siku hizi tunatumia kalkulasi!" nikamjibu.

Tumaini ndiye aliyenifundisha hesabu hiyo ya kukokotoa urefu wa mstari uliopinda, nikataka anijivunie. Nikakokotoa kuanzia kileleni, katikati ya upinde, nikaishia kulia, nikakata ubao mwembamba wa kupinda.

Jumapili, waumini wakitazama, nikaupachika kuanzia kulia. Ukaishia kileleni.

"Hesabu umepatia," Tumaini akasema kwa sauti ya darasani, "ila kushoto hukufika."

Waumini wakaitikia, "Amina!"