Tao la KARIBUNI Lililonyamazisha Geti

Jua bado halijakolea Chang'ombe, Temeke, lakini Raudha Khalfani ameshapiga soga na nusu ya kiwanda. Vidole vyake havina habari na mdomo: vinazungusha waya wa shaba kwenye fremu ya mbao yenye ukubwa wa dirisha, na waya haulegei.

"Shikamoo, mama Munira," anasema binti wa stoo akipita.

"Marahaba. Mumeo karudi, au bado kanuna?"

Anachosuka ni antena ya geti. Mtu akisogeza kadi yake, antena inaipa kadi nguvu kupitia hewani, kadi inajitaja ni ya nani, geti linafunguka. Kadi yenyewe haina betri. Raudha alipoelezwa mara ya kwanza alisema huo ni uchawi wa wasomi.

Tangu usichana wake amesuka koili, mizunguko ya waya ya mota za mafeni. Kisha biashara ikawa huria, mafeni ya nje yakajaa Kariakoo, ya kwao yakalala stoo. Chumba cha kusukia kilichokuwa na wanawake ishirini kikabaki na wanne. Wengine walipunguzwa kazi.

"Tulikuwaga tukicheka humu mpaka msimamizi anakuja kugonga mlango," anasema. "Halafu kukawa kama msibani. Mie kilichoniuma zaidi ni ule ukimya."

Mwaka jana kiwanda kikashirikiana na chuo kikuu kutengeneza mageti ya kadi. Mashine za kusomea kadi zilizoagizwa nje zilitaka kadi iguse kabisa. Dk. Audax, mhadhiri wa uhandisi wa umeme, akaja na michoro, akina Raudha wakasuka, wakafumua, wakasuka tena. Kadi ikaanza kusomeka kwa umbali wa shubiri, kisha urefu wa mkono.

Likabaki jaribio mbele ya wanunuzi, wenye maghala na mahoteli ya Kunduchi. Mkurugenzi hakuficha: likishindikana, chumba cha kusukia kinafungwa.

Sasa, Raudha hajawahi kupokea mgeni kikavu. Siku moja kabla, mawe ya getini yakapakwa chokaa. Akamshika Salumu, fundi wa kuchomelea, amtengenezee tao la chuma la kuizunguka antena yote, chini hadi juu, na utosini neno KARIBUNI.

Wageni wakafika. Kadi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mkurugenzi akatoa leso.

"Nilijua koili yangu imekatika," Raudha anasimulia. "Nikasema, haya, wale watatu nao wanarudi nyumbani, na mie ndiye niliyewarudisha."

Dk. Audax akaisogelea antena, akagonga tao kwa kidole. "Hiki chuma kimetoka wapi?"

"Kwangu, baba. Nimepamba."

Mhadhiri akacheka mpaka akavua miwani. Chuma kilichofunga duara namna ile, akaeleza, kinainyonya antena nguvu yote. "Mama, wageni umewakaribisha, antena umeitia pingu. Lakini na sie hatukusema kitu. Chuoni nani angewaza habari ya mapambo?"

Salumu akaleta msumeno. Tao likakatwa, likavutwa pembeni. Kadi ikanyooshwa kwa urefu wa mkono. Mashine ikalia tii, geti likafunguka.

"Wenzangu walipiga makofi. Mie nilikaa palepale kwenye mawe ya chokaa. Gauni liliharibika, wala sikujali."

Oda za kwanza zimeingia. Anastasia na Kokuberwa, waliopunguzwa, wamerudi kwenye viti vyao, na umbea umerudi nao. Raudha anapanga kwenda chuoni ajifunze kuzipima antena mwenyewe, kisha awafundishe wengine mpaka chumba kijae.

Na lile tao? Salumu ameliunga upya. Mwezi ujao bintiye Munira anaolewa, na litasimama uani kwao Mtoni.

"Pale halinyamazishi kitu," anasema Raudha, akikata waya kwa meno. "Anayepita njia alione, aingie, ale."